Sehemu ya Nne

Nilimpa Gaynor pauni mbili za sarafu
katika duka la mitumba, Hanley, karibu na stendi.
Akaligeuza kasha, akanitazama juu ya miwani:
"Una hakika, bata?"
Bata ndiyo mpenzi wa huku Stoke. Bado sijazoea.
"Hizi huletwa tu. Hakuna azichukuaye."

Na kweli, rafu nzima ni Ufalme wa Chumvi, sehemu ya nne,
ya nne, ya nne, migongo imebanana kama meno.
Ya kwanza huipati. Ya pili watu wanarithishana.
Ya tatu Wendell wa zamu ya usiku ameichora begani,
joka na upanga wake.
Chema chajiuza.
Hiki hata kujitembeza kimechoka.

Narudi saa mbili asubuhi kutoka nyumba ya wazee,
viganja vinanuka dawa na uji wa shayiri.
Nafunga pazia, nawasha mtambo,
na ulimwengu unapakia.
Naweka chai.
Unapakia.
Naponda tangawizi, nachuja, napuliza.
Unapakia.

Kisha natokea uwanjani, na farasi wangu yuko juu ya paa,
miguu ya nyuma imezama katika vigae,
anatafuna hewa kwa utulivu wa mstaafu.

Pango ni moja. Nimeliingia kaskazini,
nimeliingia kusini, nimeliingia chini ya bahari:
jiwe lilelile, popo watatu walewale,
mshumaa uleule ambao mtu kasahau kuuzima.
Waliishiwa fedha, wanasema.
Basi nami nimekulia nyumba ya namna hiyo, Lindi,
chumba cha tatu kikingoja bati miaka tisa,
na humo humo tulicheka, tukauguzana, tukaoza dada wawili.

Mwenzangu wa safari ni Odrim, mpiga mkuki.
Nikishinda: "Bibi, mvua yaja."
Nikifa: "Bibi, mvua yaja."
Siku ya kumzika malkia, majeshi yalilia bila sauti
(sauti ilikatika tangu daraja la pili),
akanigeukia na uso wa huzuni kuu.
Mnajua alichosema.

Wendell akaniazima ya tatu, nijifunze raha.
Nikaicheza siku mbili. Nzuri, sikatai.
Kila jani na kivuli chake, kila mlango na ufunguo wake.
Nilikaa humo kama mgeni kwenye sebule ya vitambaa vyeupe,
naogopa kuweka kikombe.
Nikairudisha na asante.

Mnyonge mnyongeni.
Lakini magharibi, mahali ramani inaisha kabla ya nchi,
kuna benchi la mawe mbele ya ziwa.
Hakuna hazina. Hakuna adui. Hakuna hata popo.
Ukikaa, mhusika wako anainama
na kuvua viatu.
Kimoja, kisha cha pili. Anavipanga. Anakunjua vidole.
Nani alikaa usiku kucha kuvichora vidole vile,
fedha zimekwisha, bosi anagonga meza,
akijua hakuna atakayefika huku?
Mimi nimefika, ndugu. Miguu inaniuma pia.

Nikamtungia ubeti, nyuma ya karatasi ya zamu:

Walikucheka sokoni, thamani wakakunyima,
Ukatupwa kikapuni, bei yako ikazama,
Nimekuweka nyumbani, tukae kwa taadhima,
Farasi wangu paani, shuka twende ni mapema.

Vina vimekaa kuliko mchezo wenyewe.

Jana nilikuwa palepale, peku, chai imepoa,
Odrim akasema lile neno lake.
Sijui kwa nini niliondoka kitini,
nikatoka uani, nikaanua sare na soksi.
Sikufika mlangoni, tone la kwanza likanipata shingoni.

Niliporudi mchezo ulikuwa umeganda:
ziwa, benchi, viatu vyangu viwili,
na Odrim kinywa wazi,
anataka kuongeza kitu.